Vitufe vitano, nyuzi sita: gemu ya mdundo inakubeba mpaka wapi

Gitaa la kuchezea la Guitar Hero, gemu ya video ambamo unabonyeza kufuata noti za rangi zinazoshuka kwenye skrini, lina vitufe vitano shingoni: cha kijani, chekundu, cha njano, cha buluu na cha rangi ya chungwa. Gitaa halisi la umeme lenye nyuzi sita na freti 22 (vile vyuma vinavyokata shingo) lina sehemu 132 za kubonyeza. Ongeza nyuzi sita zikiwa wazi, unapata 138. Watu wengi wakilinganisha gemu na ala huanzia kwenye hesabu hiyo, wakahitimisha kwamba gemu ni rahisi na gitaa ni gumu, basi. Lakini mtu anayemaliza wimbo wa kasi kwenye daraja la Expert, gumu kuliko yote, bila kukosa noti amefanya kazi nzito kweli, pengine nzito kuliko anayoifanya mpiga gitaa wa kawaida jukwaani. Ugumu si hoja. Hoja ni nani anambeba mwenzake: kwenye gemu muziki unakubeba wewe, na kwenye ala wewe ndiye unayeubeba.

Angalia kinachotokea unapobonyeza. Wimbo umesharekodiwa, na sauti ya gitaa imewekwa kwenye njia yake peke yake, kando na ngoma, besi na sauti ya mwimbaji. Ukipiga kwa wakati, gemu inaiacha njia ya gitaa isikike. Ukikosa, inaifunga kidogo na kukutolea mlio wa kuudhi. Kila sauti tamu unayoisikia ilipigwa na mtu mwingine, studio, siku nyingine. Wewe ni bawabu, kazi yako ni kufungua mlango kwa wakati. Ukizubaa, wimbo haukusubiri wala haupunguzi mwendo. Unaendelea, nawe unadandia noti inayofuata.

Ala haina huruma hiyo. Ukisita sekunde moja kutafuta kodi (ya muziki, yaani noti kadhaa kwa pamoja, si ya serikali), wimbo wenyewe umesita, maana hakuna wimbo mwingine nje ya mikono yako. Ndiyo maana mtu mwenye alama za kutisha kwenye gemu anaweza kushika gitaa halisi na kushindwa kupiga vipimo vinne (kipimo ni kundi la mapigo, mara nyingi manne) vya wimbo wa polepole bila kusimama katikati. Vidole vyake ni vyepesi tu. Hajawahi kuwa injini.

Kinachobaki mwilini

Hata hivyo gemu inaacha kitu, na walimu wanaoidharau wanakosea. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja huchukua milisekunde 500, na robo ya pigo milisekunde 125. Mchezaji wa daraja la juu anatenganisha robo hizo mamia ya mara katika wimbo mmoja, anajua pigo la pembeni, lile la katikati ya mapigo makuu, lilipo hata kama hajui jina lake, na mguu wake unagonga sakafu huku mikono ikifanya jambo lingine. Mwanafunzi mpya wa gitaa anaweza kuhangaika miezi kadhaa kabla mguu wake haujakubali kutulia hivyo.

Zawadi ya pili ni kusoma mbele. Noti zinaposhuka kwenye skrini, mchezaji mzuri haangalii mstari wa kupigia. Macho yake yako juu zaidi, na mikono inatekeleza alichokwisha kukisoma. Msomaji wa nota za karatasini hufanya hivyohivyo, jicho likiwa mbele ya mkono. Kama unataka gemu ikufundishe hili vizuri, ongeza kasi ya kushuka kwa noti. Wanaoanza hudhani kasi ndogo ni nafuu, kumbe noti zikishuka polepole hurundikana, na nafasi kati ya moja na nyingine haisomeki. Ongeza mpaka robo mbili zinazofuatana zionyeshe pengo wazi kati yao. Siku mbili za kwanza utajiona umerudi nyuma, vumilia.

Ya tatu, ambayo wapiga gitaa wanaihitaji mno, ni mikono miwili kukutana. Kwenye gitaa la gemu, kitufe lazima kiwe kimebonyezwa kabla mkono wa kulia haujagusa kijibao cha kupigia, kile kinachoshika nafasi ya nyuzi. Mpangilio ni huohuo kwenye nyuzi: kidole kinatua kwanza, kipande cha kukwaruzia kinafuata mara moja. Kidole kikichelewa, gemu inahesabu kosa, na gitaa halisi linatoa noti iliyokufa. Hapa kweli somo moja linahamia kwenye jingine karibu zima.

Ila usidanganywe na asilimia mia. Gemu za gitaa huacha dirisha la makumi kadhaa ya milisekunde kila upande wa pigo, na ndani ya dirisha hilo kuwahi na kuchelewa ni sawa tu, alama ni zilezile. Sikio ni kali kuliko hapo: ngoma mbili zikipigwa kwa kupishana milisekunde 30 hivi, utasikia mlio mmoja uliopasuka. Unaweza basi kupata alama zote huku ukipiga ovyo. Kama lengo lako ni kunoa muda, tafuta gemu inayokupa daraja kwa kila pigo na kukuonyesha kama umewahi au umechelewa. Gemu za kudansi za jamii ya Dance Dance Revolution, iliyotoka Japani mwaka 1998, ni kali zaidi upande huo. Daraja lake la juu kabisa linakaribia fremu moja ya picha kila upande, na fremu moja kati ya 60 kwa sekunde ni kama milisekunde 17.

Kabla ya kulaumu vidole

Malalamiko mengi kwamba gemu fulani "haisikii" yanatokana na runinga. Runinga za kisasa hulainisha picha kabla ya kuionyesha, na kazi hiyo inakula makumi ya milisekunde. Washa hali ya gemu kwenye mipangilio ya runinga kwanza, ndipo urekebishe gemu yenyewe. Usitumie vipokea sauti vya bluetooth vya kawaida: vinaweza kuchelewesha sauti kwa milisekunde 100 na zaidi, karibu robo nzima ya pigo kwa ule mwendo wa 120. Tumia waya.

Kisha rekebisha sauti na picha kila kimoja peke yake. Kwa sauti, funga macho na ugonge kufuata mlio. Kwa picha, nyamazisha sauti kabisa na ugonge kufuata kinachoonekana. Rudia mara tatu. Namba moja ikitofautiana sana na nyingine mbili, itupe, uchukue wastani wa zilizobaki. Halafu cheza wimbo wa polepole usio na mapambo na utazame makosa yako. Yakiwa yanaangukia upande mmoja, yote ya kuwahi au yote ya kuchelewa, kosa ni la mashine. Yakiwa yametapakaa pande zote mbili, pole, hayo ni yako.

Jambo hili lina madhara kuliko linavyoonekana. Anayecheza kwa miezi kwenye runinga isiyorekebishwa anajifunza kupiga kabla ya kile anachokisikia. Akihamia kwenye ala tabia hiyo inamfuata, na wenzake kwenye bendi watamwambia kwamba anakimbiza.

Gitaa: shingo yenye uzi mmoja

Ukichunguza vile vitufe vitano utagundua kwamba vinafanya kazi kama uzi mmoja tu. Unaweza kushikilia cha kijani huku ukibonyeza na kuachia cha njano, na gemu inasoma kile cha juu, sawasawa na uzi ambao kidole kilicho karibu zaidi na tumbo la gitaa ndicho kinachoamua sauti. Kwa mistari ya melodi, ulinganifu huo si mbaya. Unavunjika mara tu nyuzi zinapokuwa sita. Chukua uzi wa kwanza, ule mwembamba, ukiwa wazi: ni E ya hezi 329.63. Noti hiyohiyo utaikuta uzi wa pili freti ya 5, wa tatu freti ya 9, wa nne freti ya 14 na wa tano freti ya 19. Mahali patano, noti moja, na kila mahali pana rangi yake ya sauti. Gemu inaamua kwa niaba yako kitufe gani kinafuata. Gitaa linakuachia uamuzi, na uamuzi mbovu utajulikana vipimo viwili baadaye, pale mkono utakapolazimika kuruka freti saba ndani ya nusu pigo.

Kuna pia noti zisizokwaruzwa. Kwenye gemu, baada ya kupiga noti ya kwanza unaweza kubonyeza zinazofuata bila kugusa kijibao, na kubonyeza kwa unyoya kunatosha. Kwenye uzi halisi kidole lazima kishuke kama nyundo ndogo, kwa ncha, nyuma kidogo tu ya chuma cha freti. Kikishuka kwa uvivu sauti inazimika. Kurudi kwenye noti ya chini ndiko kunakowakwamisha zaidi waliotoka kwenye gemu, kwa sababu wao wamezoea kuachia tu. Uzi hautaki kuachiwa, unataka kuvutwa: kidole kinapoondoka kinaelekea chini kidogo, pembeni, kikiuchokoa, na kidole kilicho nyuma yake kiwe kimeshatulia mapema.

Mwezi wa kwanza wa kodi utakuletea matatizo matatu. Uzi unaounguruma maana yake kidole kiko mbali na freti. Kisogeze kwenye chuma kabla ya kuongeza nguvu. Uzi uliokufa kabisa kwa kawaida umeguswa na tumbo la kidole cha jirani. Simamisha kiungo cha mwisho cha kidole na ushushe kidole gumba kiwe nyuma ya katikati ya shingo. Kodi inayosikika chakavu ingawa gitaa limetyuniwa vizuri inatokana na kubonyeza kwa nguvu mno, kwa kuwa uzi ukikandamizwa sana hupanda sauti. Hili la tatu linawapata zaidi wachezaji wa gemu wenye mkono mzito. Vitufe havikuwahi kuwalalamikia.

Maumivu ya ncha za vidole ni ya kawaida, na sugu huchukua wiki chache kukomaa. Vipindi vya dakika 15 mara mbili kwa siku vinazaa sugu nzuri kuliko saa mbili za Jumamosi, ambazo huzaa malengelenge. Nyuzi nyepesi, seti inayoanzia inchi 0.009, zinapunguza mateso kwenye gitaa la umeme.

Ngoma ndizo zinazohama

Kama kuna chombo ambacho gemu inakaribia kukifundisha kwa haki, ni dramu. Rock Band, gemu ya bendi nzima iliyotoka 2007, ilikuja na pedi nne na pedali moja ya ngoma ya mguu, na kwenye daraja la Expert unachopiga kinafanana sana na alichopiga mpiga dramu kwenye rekodi. Mdundo wa msingi ni uleule: pedali kwenye pigo la 1 na la 3, snea (ngoma ndogo ya mlio mkali) la 2 na la 4, haihati (matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu) ikihesabu nusu zote nane za pigo. Anayeweza kuupiga huo kwenye gemu kwa dakika nne bila kuyumba anaweza kukaa nyuma ya dramu za kweli leo na kusindikiza wimbo. Mpiga gitaa wa gemu hawezi kudai hivyo.

Kinachokosekana ni mambo manne, na yote yanarekebishika. La kwanza ni mguu wa kushoto: seti ya kawaida ya gemu haina pedali ya haihati, kwa hiyo mguu huo umelala miaka yote. Uamshe kwa kuukanyagisha kwenye mapigo ya 2 na 4 huku mikono ikifanya ilichozoea. Utashangaa jinsi mkono wa kulia utakavyochanganyikiwa. La pili ni uzito wa pigo. Pedi ya gemu inauliza tu umepiga au hujapiga, wakati snea halisi inatofautisha pigo kuu na yale ya kunong'ona yanayojaza katikati, na ukipiga yote sawa mdundo unakuwa kama mtu anayepiga misumari. La tatu ni mrejesho wa fimbo. Mpira wa pedi hurudisha fimbo kwa namna yake, ngozi ya snea kwa nyingine, na tomu (ngoma ya sauti nzito) kubwa ya sakafuni hairudishi karibu chochote. Shika fimbo kati ya kidole gumba na cha shahada, theluthi moja hivi kutoka kwenye kitako, na uiache iruke yenyewe. Ukiikamata kwa ngumi utachoka kabla ya kiitikio cha pili. La nne ni kwamba kwenye seti ya pedi nne, pedi moja huwakilisha mara tomu, mara toazi, na mkono unazoea kutosafiri. Kwenye dramu halisi toazi liko juu na kando, na safari hiyo ina muda wake.

Piano iko katikati. Kwenye programu za kujifunzia piano, vijiti vya rangi vinavyoteremka juu ya kinanda vinakuonyesha ufunguo upi, havikuonyeshi kidole kipi, na kidole ndicho kila kitu. Skeli (ngazi ya noti) ya C mkono wa kulia hupigwa kwa vidole 1-2-3, gumba likiwa 1, kisha gumba linapita chini na kuanza upya 1-2-3-4-5. Asiyejua hilo ataishiwa vidole kwenye ufunguo wa sita na kuruka. Anayefuata vijiti hivyo bila kuvizima huishia kujua wimbo mmoja kwenye programu moja. Dawa ni kujifunza vipimo viwili, kuzima skrini, kuvipiga kwa kumbukumbu mara tatu mfululizo, ndipo uongeze viwili vingine.

Kuimba sitasema mengi. Gemu hupima sauti iko juu au chini kiasi gani, na mara nyingi haijali oktava (noti ileile ikiimbwa kwa sauti nene au nyembamba), kwa hiyo ukiguna tu kwa noti sahihi unaweza kupata alama nzuri bila kutamka neno.

Gemu zilizojaribu kuvuka mto

Wapo waliojaribu kuziba pengo hili. Rock Band 3 ya mwaka 2010 ilikuwa na hali ya Pro: kinanda cha funguo 25, dramu zenye matoazi yaliyotengwa, na gitaa lenye vitufe 102 shingoni, yaani freti 17 mara nyuzi sita. Mwaka uliofuata Rocksmith ikaacha kabisa gitaa la kuchezea. Unachomeka gitaa lako halisi la umeme kwa waya maalumu unaoingia USB, na mashine inasikiliza unachopiga.

Rocksmith inafundisha vidole, hilo halina ubishi. Lakini bado inakubeba. Bendi iko pale, na noti zinakuja kwenye skrini ukizitaka au usizitake. Hata sauti ya gitaa lako inapitia kwenye mashine kabla ya kukurudia, na kuchelewa kidogo kunavuruga mkono. Sauti itoke kwa waya wa analogi moja kwa moja kwenye spika badala ya kupitia runinga.

Kushuka kwenye gari taratibu

Anayetoka kwenye gemu kwenda kwenye ala asianze na nyimbo ngumu anazozimudu kwenye skrini. Aanze kwa kujiondolea msaada, kidogo kidogo. Weka metronomu (kifaa kinacholia mapigo) kwenye mapigo 80 kwa dakika na upige kodi mbili tu, Em na Am, vipimo viwili kila moja. Em ni uzi wa tano na wa nne, freti ya pili. Am ni uzi wa nne na wa tatu freti ya pili, pamoja na uzi wa pili freti ya kwanza, ukianza kukwaruza kwenye uzi wa tano. Ikitulia, punguza metronomu iwe 40 na uuchukulie kila mlio kuwa pigo la 2 na la 4. Mapigo ya 1 na 3 ni yako sasa. Ikitulia tena, tumia programu inayolia vipimo viwili na kunyamaza viwili. Mlio unaporudi utajua mara moja umekimbia au umebaki nyuma, na kwa umbali gani. Hakuna gemu inayokuacha peke yako hivyo.

Kwa kubadilisha kodi, hesabu ni mara ngapi unabadilisha kwa usafi ndani ya sekunde 60. Ukifika 30, kodi hizo zinaweza kuingia kwenye wimbo. Ukifika 60, mikono imezisahau, ndivyo inavyotakiwa. Andika namba. Wachezaji wa gemu wanapenda namba, na hakuna ubaya kuutumia ugonjwa huo. Badala ya alama za skrini, jirekodi kwa simu na usikilize kesho yake, si palepale. Palepale sikio bado linatetea mkono.

Na chukua jambo moja kutoka kwenye gemu ambalo wanafunzi wa ala hawalifanyi. Tangu Guitar Hero II ya 2006, mchezaji anaweza kukata kipande kigumu, kukipunguza mwendo na kukirudia mpaka kikubali. Wengi wakiwa na gitaa huanza wimbo mwanzoni kila mara, wanakwama kipimo cha 17, wanarudi mwanzoni tena. Kipimo cha 1 kinapigwa mara mia. Cha 17 kinapigwa mara mia pia, vibaya. Anza na cha 16 na uishie cha 18.

Safari ya upande wa pili nayo ina vichekesho vyake. Wapiga gitaa wazoefu mara nyingi hufanya vibaya wakipewa gitaa la vitufe, kwa sababu wanapiga wimbo wanaoujua badala ya kile kilichoandikwa kwenye skrini. Wanaongeza noti za kupitia, wanavuta pigo nyuma kidogo ili wimbo ukae vizuri, mkono wa kulia unapanda na kushuka hata mahali pasipo na noti, na kila kitu katika hayo ni kosa kwa gemu. Kwao, daraja la kuanzia ni Medium lenye vitufe vinne, kasi ya kushuka iongezwe tangu siku ya kwanza, na mkono wa kulia ufunzwe kusimama.